Ng'ombe Jijini: Ufugaji na Sheria za Mji wa Dar es Salaam

Kwa watu wa pwani, nyumba ya mjini haikukamilika bila ua, na uani hawakukosekana kuku. Bata, njiwa, pengine mbuzi mmoja au wawili, walikuwa sehemu ya maisha ya mji kama walivyokuwa sehemu ya maisha ya shamba. Fikra kwamba mji ni mahali pa watu peke yao ilikuja na utawala wa kigeni, nayo ilikuja kwa jina la afya.

Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam makao makuu yao mwaka 1891, walitunga kanuni za ujenzi zilizobagua aina za nyumba. Waingereza waliendeleza jambo hilo katika miaka ya 1920 kwa kuugawa mji sehemu tatu: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo ya Waafrika. Kati ya Kariakoo na Uhindini uliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja. Katika hesabu za wakoloni, Mwafrika alikuwa mjini kwa ajili ya kazi ya mshahara tu. Kwao hasa ni kijijini, na mifugo yake iko huko.

Fikra hiyo haikutoweka na Uhuru, na kwa muda haikuwaudhi wengi. Lakini ukame wa 1973 na 1974, kupanda kwa bei ya mafuta, na vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 viliudhoofisha uchumi, na thamani ya mshahara ikaanguka kwa zaidi ya nusu. Hapo ndipo neno "mradi", lililokuwa la Serikali na mabwawa yake, lilipoingia uani. Karani akawa na mradi wa kuku, na mkubwa wake ofisini mradi wa ng'ombe wa maziwa. Wala wasingeweza kulaumiwa kwa wepesi, kwani Serikali yenyewe iliwahimiza wakazi wa mijini kujilisha, hasa katika kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya mwaka 1974.

Basi sheria ikalazimika kuyafuata maisha. Sheria ndogo ya Jiji ya mwaka 1990 haikupiga marufuku ng'ombe. Ilitaka mfugaji awe na kibali, asizidishe ng'ombe wanne, na awafugie bandani wasizurure. Mwaka 1992 kanuni za kilimo cha mijini zikaweka kikomo cha ekari tatu kwa mtu mmoja. Hapana budi kukiri kwamba masharti haya yalikuwa na busara: samadi iliyolundikana huleta nzi na harufu, na ng'ombe aliyeachiwa barabarani ni hatari kwake na kwa wenye magari.

Hata hivyo, banda la ng'ombe wanne linahitaji kiwanja. Viwanja vipana vilikuwa Oysterbay, vilikopimwa kwa ajili ya Wazungu na baadaye kukaliwa na wakubwa wa Serikali. Huko ng'ombe waliweza kufugwa kwa kibali, wakiletewa majani na pumba. Manzese na Buguruni, ambako ukuta wa nyumba hii unagusana na wa nyumba ile, mwenye shida zaidi ya maziwa hakuwa na pa kujenga banda hilo. Alibaki na kuku wake, kama babu yake.