Eidfjord: matembezi ya kifamilia kati ya ziwa na fyodi

Eidfjord ni mji mdogo wa bandari magharibi mwa Norwei, katika mkoa wa Vestland, kwenye tawi la ndani kabisa la Hardangerfjorden. Wilaya yake nzima ina watu wapatao 1,000, na meli moja kubwa ya watalii ikitia nanga siku ya kiangazi huleta abiria wanaowazidi wenyeji mara mbili au tatu. Mbele ya mji iko fyodi, yaani mkono wa bahari uliopenya bara kati ya milima mirefu. Huu wa Hardanger una urefu wa kilomita 179 na unazidiwa na Sognefjorden peke yake nchini humo. Nyuma ya mji, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu, liko ziwa la Eidfjordvatnet. Wageni wengi hupitiliza moja kwa moja kwenda kutazama maporomoko ya Vøringsfossen. Mwenye watoto wadogo angefanya vizuri kuanzia hapa chini, kati ya ziwa na bahari, ambako kuna ardhi tambarare katika nchi isiyo na tambarare nyingi.

Ardhi ilivyojitengeneza

Tambarare hiyo ni kazi ya barafu. Mwishoni mwa Enzi ya Barafu, miaka kama 10,000 iliyopita, mito ya maji yaliyoyeyuka ilimwaga mchanga na kokoto baharini, ikajenga delta. Wakati huo bahari ilifika juu zaidi ya ilipo leo. Barafu ilipoisha, nchi iliyokuwa imelemewa na uzito wake ikaanza kuinuka polepole, na delta ikaachwa hewani. Leo inaitwa mtaro wa Hæreid, na uko takriban mita 100 juu ya usawa wa bahari. Bonde lililobaki nyuma yake lilijaa maji baridi, ndilo ziwa, ambalo uso wake uko mita 19 tu juu ya bahari. Mto Eio ulikata mtaro huo na kuliunganisha ziwa na fyodi. Samoni na trauti wa baharini huupanda mto huo kwenda kutaga.

Hæreid

Njia ya kupanda mtaro huanzia mjini. Mwanzo wake una mwinuko wa kutosha kumfanya mtoto wa miaka mitano aulize kama mmekaribia, lakini hauchukui muda, na ukishafika juu miguu inapumzika. Katikati ya misonobari na malisho ya kondoo yametapakaa makaburi ya kale zaidi ya 300, ya tangu mwaka 400 hivi hadi 1000 BK, yaani Zama za Chuma mpaka wakati wa Waviking. Ni eneo kubwa kuliko yote ya aina hiyo magharibi mwa Norwei. Asiyeelezwa anaweza kupita bila kutambua: ni vilima vya duara, vingine havimfiki mtu mzima kiunoni, vimefunikwa na nyasi na kuvumwani, huku mawe yakichungulia ubavuni. Vingine vina kishimo kileleni. Mtoto akishaonyeshwa kimoja, ataanza kuvitafuta mwenyewe, na safari inajiendesha.

Sheria ya urithi wa utamaduni ya mwaka 1978 inalinda bila tangazo lolote kila mabaki ya kabla ya mwaka 1537, hivyo hakuna kung'oa jiwe wala kuchimba. Mzunguko mzima, ukiwa na mapumziko ya kula, haumalizi nusu ya siku. Wakati wa kushuka inafaa kupitia kanisa la zamani la mawe, ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa la mwaka 1309.

Ng'ambo ya pili ya ziwa kiko kijiji cha Øvre Eidfjord, chenye kituo cha Hardangervidda Natursenter, jumba la maonyesho kuhusu mazingira, jiolojia na wanyama wa nyanda za juu. Ndiyo akiba ya siku ya mvua, na magharibi mwa Norwei siku hiyo haikosekani.

Vøringsfossen na Måbødalen

Kutoka kijiji hicho bonde la Måbødalen hupanda kuelekea nyanda za Hardangervidda, na kwenye kichwa chake mto Bjoreio huanguka mita 182. Maporomoko hayo yalijulikana nje ya eneo lake baada ya mwaka 1821, pale profesa wa astronomia Christopher Hansteen alipopita huko. Inasimuliwa kwamba alitupa mawe kutoka ukingoni, akahesabu muda wa kuanguka kwa saa yake ya mfukoni, na kukadiria kimo cha mita 280. Hoteli ya Fossli ilifunguliwa juu ya ukingo mwaka 1891, na mtunzi wa muziki Edvard Grieg alifanya kazi huko mwaka 1896.

Tangu 2020 kuna daraja la ngazi 99 linalovuka korongo juu ya maporomoko, kazi ya msanifu Carl-Viggo Hølmebakk. Majukwaa ya kutazamia yana kingo imara. Nje ya kingo hizo watu wamewahi kuanguka na kufa, kwa hiyo mtoto mdogo ashikwe mkono hata kama analalamika. Kigari cha mtoto hakivuki daraja lile. Wengi hawajui kwamba maji yenyewe yanafunguliwa kwa ratiba: mto umezuiwa juu kwa ajili ya umeme, na kanuni zinataka angalau mita za ujazo 12 kwa sekunde zipite kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Nje ya miezi hiyo mgeni anaweza kukuta michirizi tu.

Njia ya kwenda chini ya maporomoko, kutokea bondeni, ni habari nyingine. Inapita juu ya mawe makubwa yaliyolowa na daraja la kuning'inia, na huwafaa watoto waliozoea milima, si wa kubebwa. Kuhusu Kjeåsen, mashamba mawili yaliyopachikwa ukutani juu ya tawi la Simadalsfjorden, takriban mita 500 na ushei kutoka majini, njia ya miguu ni ya kamba na ngazi, na familia iiache. Kuna barabara ya gari inayopita kwenye handaki jembamba la njia moja: magari hupanda kila saa inapotimia na kushuka nusu saa baadaye. Mandhari ni yale yale, magoti yanabaki salama.

Sheria na desturi

Mgeni aliyezoea Kilimanjaro, kwa lango la hifadhi, ada na mwongozaji wa lazima, hushangaa kwamba huku hakuna wa kumkatia tiketi. Sheria ya maisha ya nje ya mwaka 1957 inampa kila mtu haki ya kutembea kwenye ardhi isiyolimwa, hata ikiwa ya mtu binafsi, kuchuma matunda ya porini na kupiga hema kwa siku mbili, mradi liwe mita 150 au zaidi kutoka nyumba inayokaliwa. Mashamba na majani ya kukata hayaingiwi. Moto hauwashwi msituni wala karibu na msitu kati ya Aprili 15 na Septemba 15. Mbwa hufungwa kamba kuanzia Aprili 1 hadi Agosti 20 kwa ajili ya kondoo na wanyamapori wenye watoto.

Chama cha watembezi, DNT, kilichoanzishwa 1868, ndicho kilichozoesha nchi alama ya herufi T nyekundu kwenye mawe ya milimani. Vibao vya mwanzo wa njia hutumia rangi: kijani ni rahisi, kisha buluu, nyekundu na nyeusi. Wazazi waanzie kijani na kupanda buluu watoto wakishaonyesha nguvu. Zipo pia kanuni za usalama mlimani zilizoenezwa sana baada ya Pasaka ya 1967, ambayo iliua watu 18. Mojawapo inasema kurudi njiani si aibu. Kwa safari ya watoto hiyo ndiyo kanuni yenye kazi kubwa kuliko zote.

Chakula cha njiani ni mkate wenye jibini uliofungwa kwenye karatasi, chai au kakao katika chupa, na mara nyingi chokoleti ya Kvikk Lunsj, iliyoanza kuuzwa 1937 na ambayo kwa miaka mingi imechapa kanuni za mlimani ndani ya kifungashio chake. Koti la mvua na sweta ya sufu vibebwe hata asubuhi ikiwa na jua, kwa sababu mtu akipanda kutoka fyodi hadi nyanda za juu, Juni anaweza kuikuta theluji. Nyasi za chini zina kupe, hivyo miguu ya watoto ikaguliwe jioni. Kuhusu giza hakuna haraka: mwishoni mwa Juni mchana una karibu saa 19. Namba ya polisi, ambao ndio huongoza uokoaji, ni 112. Ya gari la wagonjwa ni 113.

Juu zaidi ya Vøringsfossen, kando ya barabara ya 7, liko bwawa la Sysen, lililokamilika 1980 kwa mawe yaliyorundikwa hadi kimo cha mita 81. Mgongo wake wa mita 1,160 umenyooka na hauna mwinuko, na siku ya anga safi barafuto ya Hardangerjøkulen huonekana kutoka hapo. Hifadhi ya Taifa ya Hardangervidda, ya kilomita za mraba 3,422, ilianzishwa 1981 na ni makazi ya makundi ya kulungu wa kaskazini, ambao hukimbia wakisikia watu kutoka mbali. Wakati wa baridi barabara hiyo hufungwa dhoruba ikichacha, au magari huvuka kwa msafara nyuma ya gari la kusafisha theluji.