Kijana, Mwanagenzi na Neno Ruzuku

Katika Kiswahili wanaoruzuku ni wawili: Mwenyezi Mungu na Hazina. Wa kwanza huruzuku watoto, mvua na afya. Wa pili huruzuku mbolea, vyama vya siasa na shule za msingi. Neno limetoka kwenye mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa riziki na jina la Abdulrazak, na huko lilikotoka halikuwa na habari na bajeti. Mtu aliruzukiwa, basi. Hakuuliza fedha zimetoka fungu gani wala hakudai risiti, na kilichobaki kwake kilikuwa kushukuru.

Nadhani tabia hiyo haijalitoka neno hata baada ya kuajiriwa serikalini. Sikiliza linavyosemwa: serikali imetoa ruzuku, wakulima wamepewa mbolea ya ruzuku. Kwa kweli hakuna aliyepewa kitu. Bei za mbolea zilipopaa kutokana na janga la Uviko na vita ya Ukraine, Tanzania iliirudisha ruzuku ya mbolea kwa msimu wa 2022/23, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Mbeya siku ya Nane Nane mwaka 2022. Mkulima alijiandikisha kijijini kwake, akapata namba, akaenda kwa wakala na kulipa shilingi 70,000 za mfukoni mwake kwa mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP, ambao bila ruzuku ungemgharimu karibu mara mbili ya hapo. Tofauti ya bei serikali iliilipa kwa wauzaji. Kwa hiyo aliyepokea fedha za umma ni muuzaji, na aliyezitoa ni mlipa kodi, akiwemo huyohuyo mkulima kila anaponunua sabuni au muda wa maongezi. Punguzo la bei lingekuwa jina la haki zaidi, ila nakubali kwamba halina utamu, na hakuna waziri atakayesimama jukwaani kutangaza punguzo.

Kabla ya hapo, kuanzia msimu wa 2008/09, jambo lilelile liliitwa vocha. Kaya ilipata vocha za mbegu, za mbolea ya kupandia na za kukuzia, za kutosha ekari moja ya mahindi au mpunga, na kila vocha ilifidia nusu ya bei. Nusu nyingine uliitoa mwenyewe. Vocha ilikuwa karatasi, na karatasi huuzwa. Wapo waliokosa hiyo nusu ya pili wakaiuza vocha kwa wakala kwa bei ya kutupa, mbolea ikaenda kwingine. Riziki ya kwanza ya aina yake kupigwa mnada.

Katika mipango yote miwili kuna neno linalofanya kazi kubwa kimyakimya: ekari. Ruzuku ya pembejeo hupimwa kwa shamba. Anayeandikishwa hutaja ukubwa wa shamba lake, na mgawo wake hufuata hapo. Sasa mtafute kijana katika daftari hilo. Yumo ndani ya kaya ya baba yake, amekunjwa kama mkia wa sentensi, analima ekari za mzee, anavuna magunia ya mzee. Mbolea ikishuka bei, imeshuka kwa mzee. Ruzuku humsaidia aliye tayari mkulima azidi kuwa mkulima. Kumfanya mtu awe mkulima ni kazi nyingine kabisa.

Na huyu kijana ni nani? Kiswahili hakijawahi kulibana neno hili kwa miaka. Kijana ni mtu mwenye nguvu, lakini pia ni mtu wa kutumwa: mwenye duka humtuma kijana wake, na mtumishi wa mjini anayelima kwa simu hujigamba kwamba ana vijana wake wawili shambani. Kijana wa shamba, kwa maana hiyo, ni yule asiye na shamba. Sera ilipokuja na kijana mkulima mwenye hati na namba ya benki, ililipindua neno, na sidhani kama masikio ya watu yamekwisha kulizoea. Miaka nayo hutegemea nani anahesabu. Mkataba wa Vijana wa Afrika unasema 15 hadi 35, na sera yetu ya mwaka 2007 inasema hivyohivyo. Umoja wa Ulaya humwita mkulima kijana mpaka afikie miaka 40. Ukizeeka upesi, hamia huko.

Hapa lazima niseme jambo ambalo maofisa hawapendi kulitaja. Lugha yetu yenyewe imekikosea adabu kilimo. Pwani, na hasa Unguja, shamba si kipande cha ardhi tu, ni kila pahali pasipo mjini, na anayetoka huko asiyejua mambo ni mshamba. Mchezaji hulimwa kadi nyekundu, mtumishi hulimwa barua, dereva hulimwa faini. Shuleni aliyechelewa alikabidhiwa jembe, na kosa likiwa kubwa eneo liliongezwa. Vizazi kadhaa vimefundishwa kwa vitendo kwamba kulima ni adhabu ya aliyeshindwa jambo jingine, halafu kizazi hichohicho kikimaliza chuo kinaambiwa kwamba kilimo ni fursa. Ndiyo maana kila tangazo linaloelekezwa kwa vijana linakikwepa kitenzi chenyewe. Utasoma kilimo biashara, mnyororo wa thamani, uwekezaji katika kilimo. Kulima husomi.

Mpango mkubwa wa Tanzania kwa vijana hawa unaitwa Jenga Kesho Iliyo Bora, ila mtaani hakuna anayeuita hivyo. Wote husema BBT, kwa herufi za jina lake la Kiingereza. Nafasi za kundi la kwanza ziliombwa na watu zaidi ya 20,000, wakachukuliwa 812, wakapelekwa mafunzoni kabla ya kukabidhiwa maeneo katika mashamba makubwa ya pamoja, yenye visima na mifumo ya umwagiliaji. Uzinduzi ulifanyika Machi 2023 huko Chinangali, wilayani Chamwino, nchi ya zabibu na vumbi. Humo ndimo nilimokutana na istilahi ninayoipenda kuliko zote za wizara: kituo atamizi. Kuku huatamia, yaani hulalia mayai siku 21 mpaka yaanguliwe, na kutoka kitenzi hicho cha uani mtu fulani alichonga kivumishi cha ofisini bila kukiharibu. Neno limebeba na masharti yake. Kuatamia kuna mwisho unaojulikana, na yai lililokaa chini ya kuku mwezi wa pili ni yai viza.

Lakini hata kituo atamizi kina mlango mmoja tu, ilhali wanaobisha hodi ni watu wa aina mbili. Mwangalie binti wa miaka 22 aliyekulia Mbozi katikati ya kahawa na mahindi. Alijua kupalilia kabla hajajua kuandika, na anachokosa ni ardhi na mtaji. Kisha mwangalie karani mstaafu wa miaka 60 aliyenunua ekari tano Bagamoyo kwa kiinua mgongo. Ardhi anayo, fedha kidogo anazo, ila hajui mbolea ya kupandia inakaa umbali gani na mbegu. Wa kwanza ni kijana asiye mgeni wa kilimo. Wa pili ni mgeni asiye kijana. Sera zetu zina jina la wa kwanza tu, na kwa kuwa ruzuku hufuata majina, wa pili hayumo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wahenga, nao walimfikiria mgeni anayejua kulishika.

Tumwiteje basi? Mkulima mpya ni jina la daftarini. Mkulima chipukizi linapendeza, na mmea wenyewe unachipua ndani yake, ila chipukizi hunukia utoto. Mstaafu wa Bagamoyo ataona anadhihakiwa. Mimi nasimama na mwanagenzi. Ni neno kongwe la mafundi, la mtu anayejifunza kazi mikononi mwa mwenye kuijua, na serikali yenyewe imeshalifufua katika mafunzo ya uanagenzi viwandani. Halimwulizi mtu ana miaka mingapi. Linauliza amefika wapi katika kuijua kazi.

Wajapani, ambao wastani wa umri wa wakulima wao umekaribia 70, wameijenga tofauti hiyo ndani ya malipo. Mwaka 2012 serikali yao ilianza kumlipa anayeingia kwenye kilimo yen milioni 1.5 kwa mwaka, kwa mafungu mawili tofauti: fungu la anayejifunza, ambaye bado hana shamba, na fungu la aliyekwisha kuanza kulima. Mpaka wa umri upo, chini ya miaka 50 sasa, baada ya kusogezwa kutoka 45. Na anayelipwa akijifunza, kisha asilime, hurudisha fedha.

Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kulitafsiri kwetu, maana watu wa kawaida huzitofautisha fedha za serikali kwa neno moja tu: marejesho. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa nne, nne, mbili, ni mkopo usio na riba, lakini usio na riba husikika haraka kuliko mkopo, na vikundi vingi vimeipokea kama ruzuku. Mfuko wa Taifa wa Pembejeo nao hukopesha, ingawa jina lake linasikika kama ghala la kugawia. Kwenye mikutano ya vikundi swali la kwanza huwa, hizi tunarejesha au haturejeshi? Fedha inayogeuka deni pale tu usipolima ingemwacha afisa ushirika amesimama mbele ya kikundi, kalamu mkononi, bila jibu la neno moja.