NYUMBA FINYU, MOYO MKUNJUFU: Tujifunze kwa Wazee Wetu wa Pwani



 Kabla hujafungua ukurasa wa maswali na majibu, nina swali langu moja. Je, mwezi huu umemwalika nani kufuturu kwako? Usinijibu haraka. Wengi wetu tukiulizwa hivi jibu letu ni lile lile: "Wallahi ningependa sana, lakini sebule yangu ndogo. Hao wageni wataketi wapi?"

Na kweli ukiingia hiyo sebule, pa kuketi hapana. Kuna sofa seti ya watu saba, kuna meza ya katikati, kuna stuli nne, kuna kabati la TV lililofika dari. Mtu akipita kwenda jikoni lazima apite kiupande kama kaa. Mkeka ukitandikwa ni mpaka meza itolewe nje. Basi tunafuturu peke yetu, na jirani yetu ambaye ni bachela anafuturu peke yake kwa chai na mkate wa duka, tumetenganishwa na ukuta wa inchi sita.

Makala haya ni ya historia, lakini historia inayohusu sebule yako. Twende pamoja.

VYUMBA VYA MADINA

Tuanze kule ambako kila jambo letu linaanzia. Mtume Muhammad (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622 ulijengwa msikiti, na ubavuni mwake vikajengwa vyumba vya wake zake. Vilikuwa vya matofali ya udongo na makuti ya mtende, na milangoni mwa baadhi yake palitundikwa pazia la nywele za wanyama. Imepokewa kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba usiku Mtume akiswali na yeye amelala mbele yake, akitaka kusujudu humgusa, naye hukunja miguu ili apate nafasi. Hebu kadiria wewe mwenyewe ukubwa wa chumba hicho. Naye Hasan al-Basri, aliyeviingia akiwa kijana, alisimulia kwamba aliweza kugusa dari yake kwa mkono.

Vyumba hivyo havipo tena. Wakati wa khalifa al-Walid bin Abdulmalik, gavana wa Madina akiwa Umar bin Abdulaziz, vilibomolewa ili msikiti upanuliwe. Hii ilikuwa miaka ya 707 hadi 710 hivi. Inasimuliwa kwamba watu wa Madina walilia siku hiyo, na wako wanavyuoni waliotamani vingeachwa, watu wa baadaye waone aliridhika na nini.

Sasa shika jambo moja. Kando ya vyumba hivyo vidogo, ndani ya msikiti, palikuwa na mahali penye kivuli pakiitwa Suffa. Hapo walikaa Waislamu mafakiri wasio na nyumba wala jamaa, na chakula kilipokuja kwa Mtume (s.a.w.) waligawiwa. Neno hilo "suffa", wataalamu wa lugha wanasema, ndilo lililosafiri likaingia Kituruki, likaenda Ulaya, kisha likaturudia sisi likiitwa "sofa". Subhanallah! Jina la mahali palipowekwa kwa ajili ya mgeni asiye na pa kwenda, leo ndilo jina la kitu tunachosema kinatuzuia kumkaribisha mgeni.

BORITI NDIYO ILIYOAMUA

Turudi kwetu. Ukienda Lamu, Pate, Siyu au magofu ya Gedi, utaona nyumba za mawe za wazee wetu. Nyumba za Gedi ni za zamani zaidi, za karne ya 14 na ya 15 na kuendelea, na mji ule ulihamwa karne ya 17. Nyumba nyingi za Lamu tunazozijua ni za karne ya 18 na ya 19, wakati mji ulipokuwa umechanuka kwa biashara.

Mtu akizitazama kwa nje huona kuta nene na milango ya nakshi, akadhani ndani mna kumbi kama za mikutano. La! Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, upana wake ni kama mita 2.5 hadi 3 tu. Sababu si ufukara. Sababu ni boriti. Dari ya nyumba hizo ilishikwa na miti ya mikoko, na juu yake yakapangwa mawe na kumwagwa chokaa. Uzito huo ni mkubwa, na boriti ya mkoko ikizidi urefu huo hupinda. Kwa hivyo tajiri mwenye majahazi na maskini wa kibanda, wote upana wa chumba waliamuliwa na mti mmoja.

Walifanya nini basi? Hawakulalamika. Walichukua ukuta wenyewe wakautumia.

Jambo la kwanza ni zidaka, au vidaka kama wengine tusemavyo. Kuta zilikuwa nene, karibu nusu mita katika nyumba nyingi. Fundi alipokuwa akijenga aliacha mashimo ndani ya ukuta, kisha akayapamba kwa chokaa, yakawa safu juu ya safu, kila kimoja na tao lake. Katika chumba cha ndani kabisa zidaka hujaza ukuta mzima kutoka chini hadi juu. Humo ziliwekwa sahani na bakuli za kutoka Uchina na Uajemi, vitabu, na taa. Tazama hekima yake: kabati halikuwapo chumbani, kwa sababu kabati ni ukuta. Tena jicho la anayeingia halikomi kwenye ukuta, linaendelea kuingia ndani ya vile vijitao, na chumba chembamba huonekana kina kina kuliko kilivyo. Ukipiga chokaa nyeupe ukaweka na taa, mwanga wote unarudi chumbani.

La pili ni kiwanda, yaani ule uwanja wa wazi ndani ya nyumba. Kwa nje nyumba imefunga uso, madirisha ni haba. Lakini vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kuelekea kiwandani: kwanza msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani. Misana imefunguka, kwa hiyo aliyeketi nyuma anaona mbele mpaka angani. Na kila ukiingia chumba cha nyuma unapanda kidogo. Hakuna ukuta wa kukuambia umetoka hapa umeingia pale. Ni kidaraja na pazia tu. Mwisho wa msana kuliwekwa kitanda, pazia likishushwa ni chumba cha kulala, likipandishwa ni ukumbi.

La tatu ni daka na baraza. Mlangoni, kabla hujaingia, kuna kibaraza chenye viti vya mawe vilivyojengwa pamoja na nyumba. Hivyo havisogezwi, havivunjiki, na havinunuliwi upya kila Idi. Mgeni asiye maharimu anapokewa hapo, anapewa kahawa, mazungumzo yanapigwa, na walio ndani wana stara yao. Ukishapita daka unaingia tekani na hapo lazima ukate kona, kwa hiyo hata mlango ukiwa wazi aliye njiani haoni ndani. Wazee waliijua aya ya 27 ya Suratun Nur inayotufunza kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na waliitia katika mawe.

Mgeni wa kulala naye alikuwa na chake. Kiliitwa sabule. Ndiyo, ndilo hilo neno letu "sebule"! Asili yake si chumba cha kuonyesha vyombo. Ni chumba cha mgeni.

Na familia ikikua? Binti akiolewa alijengewa juu au ubavuni. Pengine walivuka juu ya njia wakajenga chumba kilichounganisha nyumba mbili, watu wakipita chini yake. Hicho huitwa wikio, na ukitembea Lamu leo utapita chini ya mawikio bila kujua kwamba juu yako kuna chumba cha watu.

TUSEME UKWELI WOTE

Ndugu msomaji, historia ya kujisifu peke yake si historia. Nyumba hizi zilikuwa za waungwana. Mawe ya matumbawe yaliyotolewa baharini, chokaa iliyochomwa, maji yaliyotekwa, kazi nyingi ya hayo ilibebwa na watumwa. Na katika nyumba nyingi za ghorofa, familia ilikaa juu penye upepo, na watumwa na mizigo wakawa chini penye giza. Zile sahani za kwenye zidaka nazo zilikuwa pia za kuonyeshana nani ana nini. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907 tu, si zamani sana.

Nayasema haya kwa sababu moja. Ufundi wa kupanua chumba ni jambo moja, na nani anaruhusiwa kuketi katika hicho chumba ni jambo jingine. Mtu anaweza kuwa na zidaka mia na bado nyumba yake ikawa finyu mbele ya Allah (s.w.t.). Na chumba cha Bibi Aisha (r.a.) kilikuwa kidogo kiasi kile, lakini hakijawahi kuwa finyu.

ZINAVYOPOTEA

Biashara ilipohamia Mombasa baada ya reli kuanza kujengwa mwaka 1896, Lamu ilififia. Nyumba nyingi zilianguka, milango ya nakshi ikauzwa, na zidaka zikavunjwa au zikazibwa kwa simenti ili kuta ziwe "za kisasa". Alhamdulillah wapo walioamka. Makumbusho ya Lamu yalifunguliwa miaka ya 1970, na mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Gedi nayo ikaingizwa mwaka 2024. Lakini jiulize: nyumba nyingi za Lamu zimenunuliwa na wageni kutoka ng'ambo, nao hutengeneza zidaka zile zile tulizoziona za kishamba. Wao wanalipa pesa nyingi kwa kitu ambacho sisi tulikiziba kwa koleo mbili za simenti.

KWAKO WEWE WA PLOTI

Sasa utaniambia, "Maalim, mimi nakaa chumba kimoja Majengo, nalipa kodi, hizo zidaka nitazitoa wapi?" Swali zuri. Nami nakujibu kwa vile nilivyoona kwa mafundi.

Kwanza, usichukue nyundo ukaanza kutoboa ukuta. Ukuta wa wazee ulikuwa wa nusu mita, wako wa bloku ni inchi sita au tisa, na huenda ndio unaobeba dari. Kama unajenga sasa, mwambie fundi mapema, kabla ya plasta, akuachie vidaka palipo panene, au akujengee rafu za zege zilizoshikana na ukuta, hasa pembeni mwa mlango na juu yake ambako hakuna anayepita. Kama ni nyumba ya kupanga, muombe idhini mwenye nyumba, kisha seremala akufungie rafu za mbao ukutani. Ukifanya hivyo, kabati lililokula robo ya chumba linaweza kuondoka.

Pili, badala ya sofa seti, jenga baraza. Ukuta mmoja, bloku chini, mbao juu, godoro jembamba na mito. Chini yake acha wazi au weka vifuniko, humo utaweka mashuka, vyombo vya Idi na viatu. Wataketi watu sita pale ambapo kochi lilikalisha watatu, na katikati ya chumba pamebaki peupe pa kutandika mkeka. Chumba kimoja kikawa sebule, kikawa mahali pa futari, baada ya Isha kikawa madrasa ya watoto.

Tatu, usizibe mwanga. Kabati refu mbele ya dirisha ni sawa na kuziba kiwanda. Paka ukuta rangi nyeupe au ya kukaribia nyeupe, na pazia lako lifungwe mpaka juu karibu na dari ili jicho lipande.

Nne, na hii haina gharama: toa usichokitumia. Mtume (s.a.w.) ameitaja nyumba yenye nafasi kuwa katika mambo ya furaha ya mtu, kwa hiyo si vibaya kuitamani. Lakini kabla ya kuomba nyumba kubwa, pengine tuanze kwa kutoa vitu vilivyojaza tuliyo nayo. Ile meza ya kioo isiyowekwa kitu ila rimoti, kuna ndugu aliyeoa juzi hana hata kigoda. Mpe. Ni sadaka, tena ya Ramadhan.

Ndugu yangu, mwezi unakwenda mbio. Jioni moja kabla haujaisha, tandika mkeka, ubishie mlango wa yule jirani bachela, umwambie, "Leo usichemshe chai." Ukimkalisha hapo utashangaa vile chumba chako ni kikubwa.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.