Mawese, Balungi na Vidonge vya Kolesteroli Mwambao wa Tanganyika

Mafuta ya mawese yalikuwa yakiuzwa Ujiji zaidi ya karne moja kabla ya dunia kuzijua statini, dawa za kupunguza kolesteroli, kwani msafiri Richard Burton, aliyefika huko pamoja na John Speke mwezi Februari 1858, aliyataja katika maandishi yake miongoni mwa mazao ya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Namna ya kuyapata haijabadilika sana vijijini: chikichi huchemshwa hadi zilainike, zikatwangwa au kukamuliwa, kisha mafuta mekundu yakaenguliwa juu ya maji na kuchemshwa tena ili yakauke. Ndiyo yanayokaangia dagaa na kuungia mboga zinazoliwa kwa ugali wa muhogo.

Dawa zenyewe ni changa. Mwaka 1973 mtafiti wa Kijapani, Akira Endo, alipata katika ukungu wa jamii ya penisilini kemikali inayokizuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli, yaani mafuta ya damu ambayo yakizidi huganda katika kuta za mishipa. Kutokana na ugunduzi huo ilizaliwa jamii ya dawa ziitwazo statini. Ya kwanza kuidhinishwa Marekani, lovastatini, ilipata kibali mwaka 1987, na mwaka 2007 simvastatini iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Mgonjwa wa Kigoma anayeandikiwa statini huyatilia shaka mawese kwanza, na shaka hiyo ni ya haki nusu tu. Mawese, kama mafuta yote ya mimea, hayana kolesteroli ya kutajika, lakini karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba, ambayo hulipunguzia ini uwezo wa kuondoa kolesteroli katika damu. Kwa hiyo yakitumiwa kwa wingi hurudisha nyuma kazi ya kidonge, ingawa hayakigusi kidonge chenyewe: kiasi cha dawa mwilini hubaki kilekile, na aliyekula mboga ya mawese hana sababu ya kuruka dozi ya usiku.

Chakula kinachokigusa kidonge ni balungi, tunda ambalo watu wengi hulihesabu kuwa la afya tupu. Jambo hilo liligunduliwa kwa bahati nchini Kanada, ambako David Bailey na wenzake, wakichunguza athari za pombe kwa watumiaji wa felodipini, dawa ya shinikizo la damu, walitumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe, wakashangaa kuona dawa imepanda katika damu kuliko ilivyotarajiwa. Matokeo yao yalichapishwa kuanzia mwaka 1989. Baadaye ilieleweka kwamba tunda hilo lina kemikali zinazokiharibu kimeng'enya kingine, kilichomo katika ukuta wa utumbo, ambacho kwa kawaida huvunja sehemu kubwa ya dawa kabla haijaingia katika damu. Mwaka 1998 watafiti wa Finland walionyesha kwamba juisi nzito ya balungi, ikinywewa mara kadhaa kwa siku, iliongeza simvastatini katika damu kwa takriban mara 16, na dawa ikizidi hivyo misuli huweza kuuma, kulegea na, kwa nadra, kuharibika hadi figo zikadhurika.

Kutenganisha saa za kula tunda na za kumeza kidonge hakusaidii sana, kwa sababu utumbo huhitaji siku kadhaa kutengeneza kimeng'enya kipya. Danzi, lile chungwa chachu, lina kemikali za aina hiyohiyo. Chungwa tamu la kawaida halina tatizo hilo.

Si statini zote zinazoathirika. Simvastatini na lovastatini huathirika mno, atovastatini kwa kiasi, ilhali pravastatini na rosuvastatini hazitegemei kimeng'enya hicho. Hivyo mtumiaji asome jina lililoandikwa kwenye pakiti na kumwuliza mfamasia kabla ya kujinyima tunda au kuacha dawa.