Dhoruba ya Mwakata
Dhoruba ya Mwakata ni tufani ya upepo mkali na mvua ya mawe iliyoshuka usiku wa tarehe 3 Machi 2015 katika kata ya Mwakata, wilayani Kahama, mkoa wa Shinyanga, nchini Tanzania, ikawafisha watu zaidi ya 40. Kwa kuwa nyumba nyingi zilikuwa za udongo, ambao ukirowa hupoteza nguvu zake, kuta ziliwaangukia wenyeji kabla hawajapata wasaa wa kutoka. Na hilo, kuliko upepo wenyewe, ndilo lililozidisha maafa. Mifugo iliangamia, mazao yakasagika mashambani, msiba mzito mno kwa kaumu ambayo riziki yake yatoka ardhini. Mwezi huohuo Rais Jakaya Kikwete aliwazuru wafiwa kuwapa taazia.