Nani Anausikiliza Mlima? Historia Fupi ya Vipima Tetemeko Katika Bonde la Ufa

Leo tuweke kando habari za programu mpya na simu, tuzungumze juu ya aina ya data iliyoanza kukusanywa kabla ya kompyuta kuzaliwa: mtikisiko wa ardhi.

Ukipanda matatu hapa Longisa kwenda Nairobi, utapita Mulot na Narok, na kabla ya kufika Mai Mahiu utaiona Suswa, halafu Longonot. Zote mbili ni volkano. Hata majani chai yetu ya Kericho na Bomet yameota juu ya mawe ya lava ya kale ambayo wanajiolojia huyaita fonolaiti za Kericho. Swali langu ni hili: volkano ya Bonde la Ufa ikianza kuamka, nani atajua kwanza, na habari itamfikia mwananchi kwa njia gani?

Tunasikiliza nini hasa?

Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ikitafuta njia ya kupanda huvunja miamba inayoizuia. Kila mvunjiko ni tetemeko dogo ambalo aghalabu binadamu halisikii. Gesi na magma zikipita kwenye nyufa hutoa mtetemo mwingine, wa polepole na mzito.

Kipima tetemeko kimejengwa juu ya wazo rahisi: uzito uliotundikwa hubaki mahali pake wakati ardhi inasogea, na tofauti hiyo ndiyo inayoandikwa. Kituo kimoja kinaweza kukuambia kwamba kuna jambo. Kujua jambo hilo liko wapi na kwa kina gani kunahitaji vituo kadhaa, saa zao zikiwa sawa kabisa, ili ulinganishe mtetemo ulifika wapi mapema na wapi ukachelewa. Kwa hiyo tangu mwanzo kazi hii imekuwa ya mtandao.

Kutoka Subukia hadi Chiromo

Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la ukubwa wa takriban 6.9 lilipasua ardhi huko Subukia kwa zaidi ya kilomita 30. Halikutokana na volkano bali na ufa wenyewe kupanuka, lakini lilionyesha kwamba bonde hili halijalala. Kenya haikuwa na mtandao wa vipima tetemeko wakati huo.

Mabadiliko yaliletwa na vita baridi. Marekani ilitaka kusikia majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanywa chini ya ardhi, ikagawa vipima tetemeko vya aina moja kwa vituo zaidi ya 100 duniani. Nairobi ilipata chake mwaka 1963, kwenye chuo kikuu huko Chiromo. Mwanga uliandika mistari kwenye karatasi ya picha, karatasi ikasafishwa, kisha mtu akaisoma. Vilikuwa vifaa bora, lakini habari ilikuwa ya jana. Kituo cha Kilimambogo, kilichokuja miaka ya 1990, nacho ni sehemu ya mtandao wa kimataifa wa kusikiliza majaribio ya nyuklia. Kwenye volkano zenyewe, vipima tetemeko vya Olkaria na Menengai vimewekwa zaidi kwa ajili ya kutafuta mvuke wa kuzalisha umeme.

Mwaka 2007: ardhi ilipotusemesha

Wengi mtakumbuka Julai 2007, watu walipotoka mbio kwenye majengo jijini Nairobi. Chanzo kilikuwa karibu na mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania, na tetemeko kubwa kuliko yote, la 5.9, lilikuja tarehe 17. Kwa bahati, watafiti walikuwa wameweka vipima tetemeko vya muda kaskazini mwa Tanzania mwaka huo huo. Data zao, pamoja na picha za rada kutoka setilaiti, zilionyesha kwamba magma ilikuwa imejipenyeza kwenye ufa chini ya ardhi bila kutokea juu. Septemba mwaka huo jirani yake, Oldoinyo Lengai, ikalipuka.

Rada hizo hizo zilitumika pia kwa milima yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba Suswa na Menengai zilishuka sentimita 2 hadi 5 kati ya 1997 na 2000, Longonot ikapanda karibu sentimita 9 kati ya 2004 na 2006, na Paka, kaskazini zaidi, ikapanda kama sentimita 21 kwa miezi 9 tu. Milima tuliyodhani imezimika ilikuwa ikivuta pumzi, nasi tumepita barabarani bila habari.

Goma: somo lenye gharama

Kama unataka kuona historia hii ikiwa na watu ndani yake, nenda Goma, mashariki mwa Kongo, chini ya Nyiragongo. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava la mlima huo lilimwagika kwa muda usiofika saa moja na kuua watu. Kituo cha kuangalia volkano, OVG, kikaanzishwa mwaka 1986.

Kisha vikaja vita na uporaji. Kufikia Januari 2002 ni vituo viwili tu vilivyokuwa vikifanya kazi, Katale na Bulengo. Wanasayansi wa Goma waliona matetemeko yakiongezeka, lakini kwa vituo viwili huwezi kuonyesha kwa uhakika yanatoka wapi. Tarehe 17 Januari lava ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege. Mamia ya maelfu walikimbia, wengi wao wakivuka kwenda Gisenyi, Rwanda.

Baadaye wafadhili walikuja. Kwa msaada wa taasisi za Ubelgiji na Luxembourg, ulijengwa mtandao wa kisasa uliotuma data kwa intaneti papo hapo. Mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulipomalizika mwaka 2020, OVG ilikaa miezi kadhaa bila intaneti, ikarudishiwa Aprili 2021. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka, na watu wapatao 32 wakafa.

Hapa ni rahisi kusema kwamba kukatika kwa intaneti ndiko kulikoua. Data hazisemi hivyo. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba mlima ulitoa ishara za wazi chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Kilichofuata ndicho kinachoonyesha thamani ya mtandao ule: matetemeko yalihamia kusini, chini ya mji na chini ya ziwa, na vituo vikaufuatilia mwendo huo. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe. Lava haikutoka tena, watu wakarudi. Walioamua hawakubahatisha, kwa sababu safari hii walijua magma iko wapi.

Jicho la mwandika programu

Nimepiga hesabu. Kituo kimoja hupima pande tatu, mara 100 kwa sekunde. Hizo ni namba karibu milioni 26 kwa siku, lakini zikibanwa huwa makumi ya megabaiti tu. Modemu ya kawaida inatosha. Programu huria kama SeisComP, kutoka Potsdam, Ujerumani, huzipokea na kutafuta matetemeko. Njia ya zamani ya kuyatambua ni nyepesi kabisa: linganisha wastani wa sekunde chache zilizopita na wastani wa dakika kadhaa, na uwiano ukipanda ghafla, piga kengele.

Mtandao ukikatika, kituo huhifadhi data chake na kuzituma baadaye. Mtafiti atazipata zote, hata wiki ikipita. Mama aliyelala Goma hazimsaidii. Ndiyo maana bili ya intaneti, betri za sola, mlinzi wa kituo na mshahara wa anayekesha mbele ya skrini ni sehemu ya kifaa sawa na ule uzito uliotundikwa. Wafadhili hupenda kununua vifaa. Bili ya kila mwezi haina wa kuizindua kwa utepe.

Kwa anayetaka kujaribu: data za Kilimambogo ziko wazi kwa umma. Ukijua Python kidogo, chukua maktaba ya ObsPy, vuta siku moja, ichore. Utaona mstari uliotulia, halafu tetemeko la mbali likipita. Anza hapo, halafu uniandikie umeona nini.