Stelingi Hafi? Historia ya Yule Jamaa Mweusi Kwenye Muvi za Kutisha

Picha linaanza. Vijana watano wamepanda gari, wanaenda kulala kwenye nyumba ya porini. Simu hazishiki, giza linaingia, na kati yao kuna jamaa mmoja mweusi. Ni mcheshi, hana demu, hatuambiwi kwao wapi, hata jina lake hulishiki. Damu haijamwagika bado lakini mtu pale sebuleni ashasema: "Huyu hatoboi." Na kweli, picha haijafika nusu, kwisha habari yake.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulikuwa na sheria moja: stelingi hafi. Apigwe risasi, aanguke ghorofani, atarudi tu. Sasa ichukue sheria hiyo uipeleke kwenye muvi za kutisha za Marekani, unakutana na swali: stelingi ni nani, na nani kaamua? Ukilifuatilia hilo swali utaona kwamba utani wa "mweusi anakufa kwanza" una historia nzito kuliko tunavyoucheka.

Tahadhari mapema: humu tunasimulia miisho. Kama hujaziangalia, shauri yako.

Turudi mwaka 1968. Mwongozaji kijana, George Romero, na washkaji zake wa Pittsburgh wanatengeneza muvi kwa bajeti ya kuungaunga, dola kama 114,000. Inaitwa Night of the Living Dead, na ndiyo iliyotuletea mazombi tunaowajua leo, wale wanaotembea taratibu na kula watu. Stelingi anaitwa Ben, kachezwa na Duane Jones, mtu mweusi. Romero alisema siku zote kwamba hakumchagua kwa rangi. Jones alikuwa muigizaji bora kati ya waliojitokeza, basi.

Lakini kwa Marekani ya 1968 lilikuwa jambo kubwa. Ben anatoa amri ndani ya nyumba iliyojaa wazungu. Anapigilia mbao madirishani, anapigana, na mzungu anayeleta ubishi anakula ngumi. Usiku mzima wenzake wanakufa mmoja mmoja. Asubuhi amebaki yeye peke yake, mzima.

Kisha kinakuja kikosi cha msako, polisi pamoja na raia wenye bunduki. Ben anasikia milio, anatoka chini alikojificha, anachungulia dirishani. Wanampiga risasi ya kichwa. Hakuna aliyeuliza huyu ni zombi au mtu. Muvi inamalizia kwa picha za mnato: mwili wake unaburuzwa kwa ndoano, unachomwa moto pamoja na maiti za mazombi.

Muvi hiyo ilitoka Oktoba, miezi sita baada ya Martin Luther King kuuawa. Na nchi yenyewe ilikuwa na historia ndefu ya makundi ya raia wenye silaha kuua watu weusi, kisha picha za maiti zao kupigwa na kuuzwa kama postikadi. Waliokuwa wanaijua historia hiyo hawakuhitaji kufafanuliwa zile picha za mwisho. Ben aliwashinda mazombi. Waliomuua ni waokoaji.

Miaka minne baadaye, 1972, ikaja Blacula, iliyoongozwa na mwongozaji mweusi, William Crain. Jina linachekesha, ila sikiliza kisa chenyewe. Mwana mfalme wa Kiafrika, Mamuwalde, anakwenda kwa Dracula kumwomba asaidie kukomesha biashara ya watumwa. Dracula anamdhihaki, anamng'ata na kumfungia kwenye jeneza, hadi anapozinduka Los Angeles karibu karne mbili baadaye. Ananyonya damu kweli, lakini unajua nani kamfanya hivyo. Na mwisho anatembea mwenyewe kwenda juani kufa, hakuna anayempeleka.

Kwa hiyo tuwe wakweli: ukihesabu, mweusi si kila mara anakufa wa kwanza. Ben alikufa wa mwisho. Ishu siyo nafasi yake kwenye foleni. Ishu ni kwamba yupo kwa ajili ya safari ya mtu mwingine.

Mfano mzuri ni The Shining ya Stanley Kubrick, mwaka 1980. Hallorann, mpishi wa hoteli, kachezwa na Scatman Crothers. Yuko zake Florida, anahisi kwamba yule mtoto aliyebaki hotelini kule milimani yupo hatarini. Anapanda ndege, anakodi gari, anatafuta mtambo wa kutembea kwenye theluji, anavuka dhoruba. Anaingia mlangoni, anaita, shoka la kifua. Mama na mtoto wanatoroka kwa mtambo uleule aliokuja nao. Yaani kilichohitajika kwake ilikuwa usafiri tu! Na kinachouma zaidi, kwenye kitabu cha Stephen King cha 1977, Hallorann hafi. Kubrick ndiye aliyeamua afe.

Kufika miaka ya 1990 Hollywood yenyewe ikaanza kulicheka jambo hili. Scream 2 ya 1997 inaanza na wapenzi wawili weusi wanaoingia sinema. Binti, Jada Pinkett, analalamika kwamba muvi za kutisha zinawaacha watu weusi nje. Dakika chache baadaye mpenzi wake ameuawa chooni, na yeye anafia mbele ya skrini huku watu wakidhani ni maigizo. Wameutaja ubaguzi, wameuchekea, halafu wakaendelea nao kama kawaida.

Ndipo tunafika 2017, miaka 49 baada ya Ben. Jordan Peele anatoa Get Out, na stelingi ni Chris, kachezwa na Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake ni Waganda. Chris kaponea chupuchupu kwenye nyumba ya wakwe. Yuko barabarani usiku, ana damu, pembeni yake kuna binti wa kizungu amelala na jeraha la risasi. Ghafla zinawaka taa za gari kama za polisi. Chris ananyoosha mikono juu. Binti anatabasamu na kuita msaada.

Kumbuka ulivyojisikia hapo. Hakuna zombi wala shetani, ni taa tu, na moyo umeshuka tumboni. Hofu ile imejengwa na kila muvi ambayo yule jamaa hakutoboa, na zaidi na habari za kweli nje ya sinema. Mlango unafunguka, kumbe ni Rod, rafiki yake, na gari la uwanja wa ndege. Peele alishapiga mwisho mwingine kabisa, polisi wanafika na Chris anaishia jela. Akaubadilisha, kwa sababu aliona watu wanahitaji kumwona huyu mmoja anarudi nyumbani. Mwaka 2018 akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya mswada halisi wa filamu.

Mwaka uliofuata, 2019, akatoa Us. Mkenya wetu Lupita Nyong'o akacheza nafasi mbili, mwindwaji na mwindaji, ndani ya familia nzima ya watu weusi yenye majina, utani na ugomvi wa kawaida wa nyumbani. Hapo hakuna wa kutolewa kafara ili wengine wapone, maana stori ni yao.

Kwa hiyo siku nyingine mtu akisema sebuleni "huyu hatoboi", mwulize: anaitwa nani huyo? Kama mwandishi wa muvi hakujali kukuambia, jibu unalo. Ben walau tunamjua kwa jina.